Fundi wa Redio wa Magogoni na Hedifoni ya Tumu

Fundi wa redio wa Magogoni haulizi hedifoni imeharibika vipi. Huukunja waya polepole kwa vidole vyenye makovu ya kuchomelea, akivumisha kaswida puani, mpaka apapate palipokatika. Tumu alipompelekea hedifoni yake ya tatu, babake alikwisha apa: mlio wa mchezo wa magari ukimwamsha tena bibi mgonjwa, mashine ya mchezo atapewa binamu. Fundi akaunga waya, akauchomeka kwenye televisheni yenye mchezo wa mteja mwengine. “Hebu cheza, mwanangu.”

Gari lilipogonga ukuta, Tumu akarusha kichwa nyuma, waya ukakakamaa.

“Kumbe dereva ndiye mvunjaji,” fundi akasema, wala hakucheka. Akaufunga waya kitanzi kwa uzi wa kushonea kofia, kisha akakishikiza kitanzi kwenye leso ya Tumu, begani. “Sasa ukigonga, utavuta nguo.”

“Ahsante, fundi. Mungu akuweke.”

Alasiri hiyo Tumu aligonga kuta zisizo idadi. Leso ikavutika, mlio ukabaki masikioni mwake, na kwa kila mkoromo wa bibi chumba cha pili, akamwombea fundi dua.