Forfait ya Inchi Makumi Tano

Bisha ukitaka, lakini hapa Gisenyi mi nilimuona mama muuza nyanya akimunyamazisha muuza laini za simu dukani kwake. Mama huyo anavuka mpaka wa Congo pale Grande Barrière kila siku, na wateja wa Goma wakimukosa kwenye simu wananunua kwa mwingine.

"Mama, unasafirigi inchi ngapi?" muuzaji akauliza.

"Moja, Congo. Iko pale, nyuma ya kizuizi."

"Bon, chukua forfait, kifurushi cha simu cha wasafiri. Inashika inchi makumi tano."

Mama akashusha beseni polepole. "Na hizo zingine, nyanya nitazipeleka na kichwa gani? Simu yangu inaingiza laini mbili. Ya Congo nitanunua kule kule."

Duka zima tulicheka, muuzaji naye akacheka.

Nilichoruka ni hiki: mbele ya mama kwenye foleni nilikuwa mimi. Forfait hiyo nilishailipa, na hata Goma sijawahi kufika.