Nyota Niliyowaonyesha Wakwe Iguguno

Jamani, mimi nilikuwa nimeapa hili nitakufa nalo, lakini mjomba wangu Ntandu ameshalitangaza Mandewa nzima kwa namna yake, tena anaruka sehemu ya miwani, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mimi niliyeaibika.

Siku hiyo tulikuwa tunapeleka posa Iguguno, kwa kina Zawadi, na mjomba ndiye alikuwa mshenga. Sasa mimi bila miwani mtu akikaa hatua tano namwona kama nguo iliyoanikwa. Tumekaribia kufika, mjomba akapunguza mwendo wa gari, akanitazama. "Hebu vua hiyo mitambo. Wakwe wakijua una macho mabovu watasema tumewaletea mgonjwa." Nikavua. Sijui kwa nini nilivua, kwa kuwa hata Zawadi mwenyewe anajua ninavaa, tumesoma naye chuo kimoja, lakini siku ya posa akili huwa zinahama, basi nikampa miwani akaiweka mfuko wa nyuma wa suruali (kumbukeni huo mfuko).

Tulikuwa tumepata pancha mara mbili, tukafika jua limeshazama, na sebuleni kulikuwa na taa moja ya sola iliyochoka. Nikaona vivuli viwili vya kanga. Kimoja kirefu kimesimama, nikajua ndiye bibi, nikainama mpaka kiuno kikalia, "Shikamoo bibi!" Kikajibu "Marahaba" huku kinacheka sana, nikasema moyoni huyu bibi ni mchangamfu. Cha pili kidogo, kimekaa kimejikunyata kwenye kona, nikajua Zawadi wangu anaona haya, nikampa "Mambo" moja laini. Hakujibu. Nikazidi kumpenda.

Na kwetu siku ya posa mwoaji akishasalimia hana tena mdomo, anayesema ni mshenga, wewe unainamisha kichwa na ukiulizwa unatikisa tu. Njiani mjomba alikuwa ameniuliza ninasomea nini hasa, nikamweleza kwamba natafiti nyota moja ndogo, ya moto kuliko jua, inayovimba na kunywea kila baada ya dakika chache, mwanga wake unapanda na kushuka kidogo mno, na kwamba hata mimi sijawahi kuiona kwa macho, naijua kwa namba tu zinazotoka kwenye darubini za mbali. Mjomba akaguna kama mtu aliyeelewa.

Basi Baba Zawadi akauliza, "Kijana wenu anafanya shughuli gani?" Mjomba akajiweka sawa. "Mheshimiwa mkwe, huyu ana nyota yake mbinguni. Inapiga kama moyo wa mtu. Tena kwa bahati leo hakuna mawingu, mtaiona kwa macho yenu."

Nilishtuka mpaka nikakohoa. Wakadhani naitikia.

"Kama ni hivyo twendeni nje," Baba Zawadi akasema, na nyumba nzima ikatoka, mimi nimeshika ukuta nisije nikakanyaga kuku. Juu kwangu kulikuwa na ukungu mtupu. "Tuonyeshe," mjomba akaninong'oneza, ananifinya. Ningesema haionekani, yangekwisha, lakini sina mdomo! Ndipo nikaona kule juu ya kilima kitu kimoja kinawaka, kinafifia, kinawaka, kinafifia. Kilikuwa chekundu, na nyota yangu ni ya bluu, nikajiambia labda ni vumbi. Nikanyoosha kidole.

Watu wakatazama kidole, wakatazama kilima, wakanitazama mimi.

"Ile pale?" Baba Zawadi akauliza polepole. "Una hakika?"

Nikatikisa kichwa kwa nguvu zote. Ndiyo.

"Na umeitafiti muda mrefu?"

Ndiyo, ndiyo. Na papo hapo, mbele ya wakwe, nyota ikazimika.

"Imekufa?" kile kivuli kirefu kikauliza kwa sauti ya kitoto, nikachanganyikiwa kabisa, bibi gani huyu?

"Haijafa," Baba Zawadi akasema. "Ni taa ya mnara wa simu. Betri yake mbovu, saa mbili kasoro kila siku inazimika. Mimi ndiye mlinzi wa mnara huo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mila zikanitoka kichwani, nikafungua mdomo mwenyewe: "Baba, nisamehe, nimedanganya. Nyota ipo kweli ila haionekani kwa macho, na hata ingeonekana mimi nisingeiona, miwani yangu anayo mjomba!" Mjomba akapapasa mfuko wa nyuma. Alikuwa ameikalia tangu njiani. Kioo kimoja kimebaki, nikaivaa hivyohivyo.

Mungu wangu. Yule niliyempa shikamoo ni mdogo wake Zawadi, yuko darasa la sita. Zawadi amesimama mlangoni na sinia, amejiziba mdomo kwa kanga, sijui analia au anacheka. Na yule wa kwenye kona, niliyemtabasamia jioni nzima huku nakunja macho nimwone vizuri, ni bibi yao.

"Ndiyo maana!" bibi akasema. "Tangu ameingia ananipa mambo, ananikonyeza. Mimi nimeshakubali. Nyie mkimkataa, namchukua."

Watu walicheka mpaka mbwa wakabweka. Baba Zawadi peke yake hakucheka. Akaniambia, "Rudi tukishavuna alizeti, uje na miwani nzima. Umtazame binti yangu ukiwa unamwona, ndipo uniambie kama bado unamtaka. Na bibi umletee blanketi, umemkosea shikamoo."

Je, nimekubaliwa au nimekataliwa? Mpaka leo sielewi, na mjomba naye ananiambia mila zinasema yote mawili. Zawadi nilipompigia simu alicheka dakika tano nzima, kisha akasema, "Njoo na miwani mbili."

Alizeti wanavuna mwezi ujao. Blanketi nimeshanunua, na miwani nimeifunga kamba shingoni, naoga nayo, nalala nayo, na anayetaka kunivua aanze na kichwa.