Siku Pua Ilipoziba

Kwa miaka ishirini na sita, mkunga mmoja hakuruhusu kondo la nyuma litoke katika chumba cha kujifungulia kabla hajaliinamia na kulinusa kama lina harufu ya ugonjwa. Wenzake wakambandika jina la Mama Pua. Asubuhi hiyo, hata hivyo, mafua yalikuwa yameiziba pua yenyewe, zamu ilikuwa imekwisha, na miguu yake iliyovimba ilikuwa nje ya viatu vya kazi.

"Leo Mama Pua huna pua," mfagizi alimtania, ndoo yenye kondo mkononi. "Nipishe nikachome."

"Weka chini, mwanangu. Macho bado ninayo."

Alivaa glavu taratibu, akaukunjua utando wa kondo. Utando salama hung'aa kama nailoni iliyolowa. Huu ulikuwa na ukungu wa manjano. Akisema, itambidi amngoje daktari hadi mchana. Akinyamaza, kitanda chake kinamsubiri.

Akavaa viatu.

Wodini, mzazi alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Mama mkwe wake alikuwa amempakata mtoto, aliyetoka kunyonya akashiba.

"Mwanangu, chupa ya uzazi ilipasuka lini?"

Mzazi akamtupia jicho mama mkwe. "Jana."

"Sikuulizi nikugombeze. Hata nguvu za kugombeza sina."

"Juzi asubuhi," akanong'ona. "Nilidhani ni mkojo. Nikaona haya."

"Kwani kuna nini?" mama mkwe akadakia. "Si huyu hapa, mzima wa afya?"

"Kondo lake limeshambuliwa na vijidudu, dada, na maji ya chupa mtoto ameyameza. Kwa kichanga, maradhi haya hayapigi hodi. Hamwondoki."

"Tumefungiwa kwa sababu ya kitu cha kutupwa!" Mama mkwe akampa kisogo.

Daktari alifika saa saba, akalitazama kondo, akaagiza antibiotiki. Sindano ya kwanza ilikuwa imekwisha kuingia pale mtoto alipoliacha ziwa, saa tisa, na pumzi zake zikaanza kwenda mbio. Mama Pua alihesabu kwa dakika nzima: sabini na nne. Mwisho wa salama ni sitini.

Mama mkwe akamsogezea kiti.

Siku ya tatu, kabla ya kubadili nguo, Mama Pua alipitia wodini, akahesabu tena, mara mbili.

"Hamsini na mbili," alisema.

Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga. Mama Pua akamgusa bega, kisha akaenda kuvaa viatu vya kazi.