Mchonga funguo aliyezima mashine akauliza

Saa mbili asubuhi. Kibanda ni chembamba kiasi kwamba fundi akinyoosha mikono yote miwili anagusa kuta za pande zote. Anafuta benchi kwa kitambaa, anapuliza vumbi la shaba lililoganda kwenye mashine, kisha anatoa kigoda cha mbao chini ya benchi na kukiweka mbele, upande wa wateja.

Kigoda hicho hakikuwapo zamani. Miaka yote wateja wake walisubiri wakiwa wamesimama, na yeye alipenda hivyo. Mtu aliyesimama haongei sana.

"Ufunguo ni kazi ya dakika chache," anasema. "Anayetaka kuketi aende kwa kinyozi."

Anawasha mashine. Ufunguo wa kwanza anaochonga leo hauna mteja. Anauchonga polepole, anausugua kingo kwa tupa, anaupangusa kwa kidole gumba na kuutia mfuko wa shati. Hasemi ni wa nani.

Mtaani wanamwita Kitasa. Jina hilo alipewa na fundi cherehani wa kibanda cha pili, mama ambaye mdomo wake haujui likizo. Anasema kumtoa jirani yake neno ni kazi kuliko kung'oa mlango. Jina likamganda. Sasa hata wenye nyumba wanaomwagiza kazi hawajui jina lingine.

Ana miaka hamsini na minane. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Mwanawe wa pekee anaishi mji wa mbali, anapiga simu Jumapili. "Baba, mzima?" "Mzima." "Haya, baba." Mazungumzo yameisha hapo, na hakuna aliyemkosea mwenzake.

Anakaa chumba kimoja: kitanda, meza, jiko dogo na kikombe kimoja. Vikombe vingine aligawa baada ya msiba.

"Vilikuwa vinakaa pale kwenye meza vinanitazama tu," anasema. "Nikaona vitaniudhi bure."

Siku nzuri anachonga funguo kumi na tano. Siku mbaya anachonga mbili, na mmoja unarudishwa na mwenyewe akilalamika kwamba unakwama. Nje ya hapo huitwa kufungua milango: mama aliyejifungia nje akiwa na mtoto mgongoni, ofisi ambayo karani wake amekwenda msibani na funguo zote.

Na kuna ile milango mingine. Mwenye nyumba anakuja anatembea haraka, anasema mpangaji hajaonekana siku kadhaa na mlango umefungwa. Kitasa amefungua milango ya namna hiyo zaidi ya mmoja. Alikuwa akifungua, anageuka, anaondoka. Ya ndani hakuyasubiri.

"Lakini nyuma yangu nasikia majirani," anasema. "Kila mara maneno ni yale yale. Alikuwa kimya tu, hakumsumbua mtu. Na mimi natembea na begi langu la vifaa, nawaza, mbona hayo maneno yananihusu."

Aliyemvuta kwenye mafunzo ni muuguzi wa kituo cha afya, mama mnene mwenye kicheko kikubwa, ambaye kila mtu anamwita Sista. Alileta kufuli la kabati la dawa. Fundi akihangaika nalo, yeye akawa anamweleza kwamba Jumamosi watakutana shule ya msingi, wawafundishe watu wa kawaida namna ya kumsaidia aliyezidiwa na mawazo kabla hajajidhuru. Wamewaita vinyozi, wenye maduka, waendesha pikipiki, watu wanaokutana na watu.

"Mimi nakutana na funguo, Sista. Sio watu."

"Kwani hizo funguo zinakuja kwa miguu yao?"

Akaenda. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Sista alisimama mbele na chaki, hakuandika mengi. Alisema ukiona mtu amebadilika, anaaga watu kinamna, anagawa vitu vyake, usijitie hamnazo. Muulize wazi. Msikilize bila kumhubiria. Usimwache peke yake. Msogeze kwenye msaada.

Kinyozi mmoja akapinga kwamba ukimuuliza mtu jambo kama hilo utakuwa unamtia wazo kichwani.

"Kama halipo, swali lako halilileti," Sista akamjibu. "Kama lipo, unampa mahali pa kulitua."

Wakafanya mazoezi wawili wawili. Kitasa alipangwa na muuza nyama, jitu la mabega mapana lililotakiwa kuigiza mtu aliyekata tamaa. Lilijiinamia likakunja uso mpaka darasa zima likacheka. Kitasa alitakiwa kuuliza. Akakohoa. Akatazama dirisha. Jasho lilimtoka kama amebeba gunia.

"Je, unafikiria... unafikiria kusafiri?"

Watu walivunjika mbavu. Sista mwenyewe alishika ubao.

"Fundi, ukimuuliza safari atakuomba nauli! Liite jambo kwa jina lake."

Alirudia mara ya pili akakwama. Mara ya tatu neno likatoka, kavu, kama msumari unaong'olewa: "Unafikiria kujiua?"

Muuza nyama aliacha kuigiza. Alifuta mdomo kwa kiganja, kisha akasema kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, "Hilo swali hakuna aliyewahi kuniuliza."

Hakuna aliyecheka tena. Sista alimchukua pembeni wakaongea.

Miezi ikapita bila Kitasa kulitumia lile neno. Watu walileta funguo, wakalipa, wakaenda. Alianza kuamini kwamba Jumamosi yake ilipotea.

Kisha akaja mpaka rangi wa majumba. Ilikuwa Jumanne ya manyunyu. Kijana wa miaka thelathini na kidogo, kucha zimeingia rangi nyeupe, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nichongee mmoja kama huu. Wa chumba changu. Huu nitaondoka nao, huo mpya ukae hapa kwako. Dada yangu ataupitia Jumamosi."

"Si umpelekee mwenyewe? Ndugu yako huyo."

"Apitie tu, mzee. Jumamosi, sio kabla."

Kitasa aliubana ufunguo kwenye mashine, akawasha. Vumbi la shaba likaanza kumwagika. Kijana akaongeza, kwa upole wa mtu asiyependa kusumbua:

"Sitaki wavunje mlango. Mwenye nyumba hajanikosea kitu."

Mikono ya Kitasa iliendelea na kazi. Miaka yote watu wanaochongesha funguo za akiba wanamuuliza swali moja tu: utafungua? Hajawahi kumsikia mtu akiuhurumia mlango.

Na hapo alikosea. Anasimulia mwenyewe bila kujificha. Badala ya kuuliza alirusha maneno ambayo kila mwanaume huwarushia wenzake.

"Jikaze, kijana. Wewe ni mwanaume. Maisha ndiyo haya haya."

"Sawa, mzee," kijana akajibu, akatabasamu kidogo, akaitazama barabara.

"Nilimwona anavyojifunga," Kitasa anasema. "Vitasa navijua. Nikasema, hiki nimekifunga mimi, kwa mkono wangu."

Akazima mashine. Ufunguo mpya ukabaki na meno mawili tu. Kibanda cha pili cherehani nayo ikanyamaza.

"Mdogo wangu, nakuuliza jambo, usinikasirikie. Unafikiria kujiua?"

Manyunyu yaligonga bati. Kijana alikwangua rangi kwenye ukucha.

"Nani kakwambia, mzee?"

"Wewe. Umeniambia mlango usivunjwe."

Kijana aliinamisha kichwa kukubali. Kibandani kulikuwa na kiti kimoja tu, cha fundi. Kitasa alimpa, yeye akasimama.

"Umepanga lini?"

"Ijumaa."

Haikuwa sababu moja. Kijana alisema kazi zilikatika, mke alirudi kwao na mtoto, usingizi ulimkimbia, na hata hayo yote akiyajumlisha hayatoshi kueleza uzito aliokuwa nao kifuani. Kitasa hakutoa ushauri. Anakiri hakuwa nao. Lakini kuna jambo moja kijana alilisema ambalo mpaka leo likimjia anaweka tupa chini.

"Wiki iliyopita nilimwomba mwenye duka anibipu," kijana alisema. "Nilidhani simu imeharibika, mbona haiiti. Akanibipu. Ikaita vizuri kabisa."

Kitasa alimpigia Sista. Sista alikuwa na foleni mpaka mlangoni. "Kaa naye, nitakuja," alimwambia. "Usimwache hata dakika. Muulize kama kuna kitu amekiweka tayari chumbani."

Kilikuwapo. Kwa ruhusa ya kijana wakampigia dada yake, ambaye kwanza alipiga ukelele, kisha akasema anakwenda na mwenye nyumba kukiondoa, na kwamba mdogo wake asisogee hapo alipo.

Wakabaki wawili kumngoja Sista. Manyunyu hayakukatika. Kijana alikuwa akiangalia funguo zilizoning'inia ukutani, mamia, hazijachongwa bado.

"Na wewe, mzee, wako wa akiba anao nani?"

Ufunguo wa Kitasa ulikuwa mmoja, ameufunga kwa kamba shingoni. Alitafuta uongo wa haraka akaukosa.

"Hakuna."

"Fundi funguo mzima?"

"Hakuna, bwana."

"Basi tuko wawili," kijana akasema, akacheka. Kicheko kifupi, kibovu, lakini kilikuwa kicheko.

Sista alipochelewa, Kitasa alifunga kibanda mchana wa kazi, jambo ambalo mtaa ule haujaliona tangu msiba wa mkewe. Fundi cherehani alitoka, akawapa mwavuli wake, akarudi ndani. Wakaenda kituo cha afya bega kwa bega, mwavuli wa maua juu ya vichwa vyao.

Ijumaa ile ilipita. Mpaka rangi anahudhuria kituo cha afya kila wiki. Siku tuliyomkuta alikuwa juu ya ngazi anapaka ukuta wa duka la dawa.

"Sijapona kama mtu anavyopona malaria," anasema akiwa huko huko juu. "Kuna asubuhi naamka mzito kama nimelala chini ya mfuko wa saruji. Lakini sasa nasema. Nikinyamaza, dada anakuja. Ana ufunguo, anaingia bila hodi, ananikuta na kipara changu na taulo. Ananikera mno."

Ufunguo wa dada ni ule ule wa meno mawili. Kitasa aliumalizia Jumamosi, siku ile ile aliyotakiwa dada kuupitia. Dada aliupitia kweli. Aliushika, akasimama pale kibandani akilia, mdogo wake akiwa amesimama kando yake.

Tangu hapo Kitasa amenunua kigoda, na ameliuliza lile swali mara nyingine kadhaa. Mama mmoja alikubali, akapelekwa. Bwana mmoja alimtukana mpaka ukoo wake wa kikeni. "Afadhali matusi," Kitasa anasema. "Anayetukana bado ana nguvu." Mwingine, mwenye kofia ya buluu, alicheka, akasema hapana, akachukua funguo zake, akapotelea kwenye watu. Huyo hajamwona tena. Kila kofia ya buluu ikipita barabarani, Kitasa anainua shingo.

Sista anasema waliofundishwa hukutana kila mwezi ili wasibebe mizigo ya watu wakaanguka nayo. Kitasa haachi kuja. Anaketi nyuma, dawati lile lile.

"Anasikiliza kuliko wote," Sista anasema. "Siku akiulizwa za kwake, anasema kibanda hakina mtu, anaondoka."

Mfukoni mwa shati lake, ufunguo wa asubuhi bado upo. Jua limeshaanza kushuka ndipo anapokubali kusema ni wa mlango wake. Si wa kwanza. Amewahi kuchonga miwili mingine, akaitupa kwenye debe la vyuma chakavu.

"Kumuuliza mtu kama anataka kujiua nimeweza," anasema. "Kumwambia mtu shika ufunguo wangu, ulimi unanikatalia."

Saa kumi na moja jioni fundi cherehani anakunja vitambaa. Kitasa anafunika mashine. Anaingiza kigoda. Anatoka, anasimama mbele ya kibanda cha jirani yake kama mteja asiyejua nguo yake iko wapi.

"Kitasa, umepotea njia? Suruali imekuchanikia wapi leo?"

"Jirani, shika."

Mama anautazama ufunguo kiganjani mwake.

"Wa nini huu?"

"Wa kwangu. Siku ukiona saa tatu imefika sijafungua kibanda, usiite fundi. Fundi ni mimi. Njoo ufungue."

Mama anafungua mdomo kutoa mzaha, na mzaha hauji. Anauvisha ufunguo kwenye utepe wa mkasi wake, ule anaouvaa shingoni kutwa nzima, anaukaza fundo mara mbili.

"Umeujaribu?" anauliza hatimaye. "Utafungua?"

Ni swali ambalo Kitasa amelijibu maisha yake yote.

"Sijaujaribu."

"Ona huyu, na ufundi wake wote! Basi kesho asubuhi nitakuja kuujaribu mwenyewe. Na uwe umechemsha chai, mimi siendi nyumba ya mtu nikarudi mkavu."

Anabeba mkoba wake, anaondoka akinung'unika, mkasi na ufunguo vikigongana kifuani.

Kitasa anabaki amesimama. Nyumbani ni kushoto, njia anayoipita kila jioni. Anaangalia upande wa kulia, kwenye duka la vyombo, mwenye duka ameshaanza kuingiza masufuria ndani.

"Nina kikombe kimoja," anasema, na tayari anatembea.