Gari la mume wetu lilikuwa likifia kwa mke mwenzangu, nikafunga safari kwenda kujionea

Wakuu, heshima kwenu, na wakubwa wote shikamooni.

Ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe, majina tu ndiyo nimebadilisha. Anayetafuta chai apite, humu kuna rejeta na wivu.

Mimi ni mke wa pili. Naishi Mlingotini, karibu na bahari kiasi kwamba mabati yanashika kutu kabla hayajaizoea nyumba. Mke mwenzangu, tumwite Bi Zuhura, yuko Lugoba, ambako mume wetu Shabani anafanyia biashara ya kokoto. Zamu zetu ni siku tatu kwake, siku tatu kwangu.

Kinachompeleka na kumrudisha ni SUV moja ya dizeli aliyoinunua kwa mtu, ikiwa imeshapita kilomita laki tatu. Rangi imepauka, milango inalia, lakini injini yake naijua kwa sauti tangu ikiwa mbali barabarani.

Nililionea wivu lile gari kama watu wanavyomwonea wivu mtu.

Kiti cha mbele nakikuta kimesogezwa nyuma, kwa kuwa mwenzangu ana miguu mirefu. Mkanda unanukia udi ambao si wangu. Nakirudisha kiti mbele, nafungua vioo hadi Bagamoyo mjini, upepo uuchukue ule udi uende nao. Zamu ikizunguka, tunaanza upya.

Sasa shida ikaja. Gari likaanza kuchemka.

Likitoka kwangu linakwenda salama hadi Makurunge. Likianza kupanda kuelekea Msata, na mshale wa joto unapanda. Shabani anasimama, anasubiri lipoe, anaongeza maji, anafika Lugoba kwa kulibembeleza.

Kurudi ndiko kulikoniua. Siku ya zamu yangu naletewa ujumbe: "Mke wangu, gari limechemka tena, fundi hajamaliza. Nitakuja kesho." Na kesho nayo ikawa na kesho yake.

Wenye kujua kumpikia mtu asiyekuja watanielewa. Unafunika chungu, unafunua, unafunika tena, utadhani anayesubiriwa yumo ndani.

Akabadilisha thermostat. Akabadilisha mfuniko wa rejeta. Akabadilisha feni. Kila spea ilifungwa Lugoba, na kila mara nilijiuliza kwa nini gari hili halifi hata siku moja uani kwangu.

Basi siku moja Bi Zuhura akaweka status. Chapati zimepangwa kwenye sinia, na nyuma yake gari limetulia, boneti imefungwa.

Fundi gani anatengeneza gari boneti ikiwa imefungwa?

Asubuhi yake nikapanda basi. Sikumuaga mtu.

Nilipofika nilikuta boneti iko wazi. Rejeta imeshushwa juu ya gunia, fundi amechuchumaa mbele yake, Shabani mikono yote ni grisi. Bi Zuhura amekaa kibarazani na ungo, anachambua mchele.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Umefuata mume au umefuata gari?"

"Chochote kitakachowaka."

Akacheka hadi mchele ukamwagika. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama miguu yake.

Shabani akajipangusa kwa kitambaa. "Ulidhani nakudanganya."

"Nilidhani. Jana boneti ilikuwa imefungwa."

"Jana mvua imenyesha hapa. Ulitaka tuloweshe injini ili wewe uridhike?"

Fundi alikuwa ameshaifungua rejeta kwa juu. Vile vijia vyembamba vya kupitisha maji vilikuwa vimezibwa na ukoko mweupe. Akaukwangua kwa bisibisi, ukatoka vipande vipande.

"Vumbi la kokoto hilo," akasema Shabani.

"Kokoto, nini kingine," akasema Bi Zuhura. Fundi naye akaitikia kwa kichwa.

Nikainama. Ule ukoko niliujua. Ni ule ule ulioganda chini ya birika langu la chai.

Wakuu, kisima chetu kina maji ya chumvichumvi, tumezaliwa tukiyanywa hatuyasikii tena. Na kila alfajiri Shabani akitaka kwenda Lugoba, mimi ndiye ninayemchotea ndoo ya kujazia rejeta, na dumu la njiani juu. Kwetu mume anaagwa hivyo, haondoki mikono mitupu.

Nikapiga hesabu. Nikisema, huyu mwanamke atanitania hadi naingia kaburini. Nisiposema, watasafisha, watafunga, na ukoko utarudi, na zamu zangu zitaendelea kuliwa Lugoba.

"Si vumbi," nikasema. "Ni maji ya kisima changu. Mimi ndiye ninayemchotea."

Bi Zuhura akaweka ungo chini taratibu.

"Kwa hiyo muda wote huu umekuwa ukiniletea mume kwa ndoo."

Fundi akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Umefaidi, dada," nikasema.

"Nimefaidi. Na ningejua, nisingekwambia."

Ikawekwa rejeta nyingine, used lakini nzima. Mfumo wote ukasukumwa maji safi mpaka yakatoka meupe, kisha coolant. Tangu hapo mshale hauvuki katikati, hata akipanda Msata na mzigo.

Ushauri wangu kwa wa pwani wenye magari yaliyotembea sana: angalieni chini ya birika lenu. Mkiona ukoko, maji hayo msiyapeleke kwenye rejeta, hata kama anayewachotea anawapenda. Tembeeni na coolant.

Na wivu je?

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu, jua likazama hajafika. Nikampigia.

"Gari?"

"Gari zima," akasema.

Nikasubiri aendelee. Hakuendelea.

Nilichojifunza ni kwamba gari likipona, unabaki na mume peke yake, na huna tena chuma cha kukitupia lawama. Hali hii nilijitengenezea mwenyewe kwa mdomo wangu, pale mbele ya rejeta juu ya gunia.

Wenye magari ya umri huu, coolant mnabadilisha baada ya muda gani?

Na wanaume wenye wake wawili mliomo humu, ninyi msinijibu habari za coolant. Niambieni tu, gari likiwa zima, huwa mnacheleweshwa na nini?