Mkalimani wa Beki

Nisizunguke mbuyu. Mume wangu alipata nafasi moja tu ya kwenda kucheza Marekani, na mimi mkewe ndiye niliyeikata. Sikumficha barua, sikumwekea kitu kwenye chai. Nilikuwa mkalimani wake, nikamtafsiria uongo.

Watu wa kwetu Tanga wengi hawajauona mchezo wenyewe, basi nieleze kidogo. Ni mpira wa magongo, ila unachezwa juu ya barafu. Wachezaji wanavaa viatu vyenye visu chini, na badala ya mpira kuna kisahani cheusi, kigumu, ambacho kikikupata mdomoni unarudi nyumbani na meno mfukoni. Mume wangu alikuwa beki. Kazi ya beki ni kusimama mbele ya kipa na kupokea kila kinachokuja, kwa gongo, kwa goti, kwa mbavu, ikibidi kwa uso. Wanaofunga magoli wanaandikwa magazetini kila Jumatatu. Beki anaandikwa siku aliyokosea. Asubuhi alikuwa fundi bomba, maana miaka ile hata wachezaji wa daraja la juu pale Stockholm walikuwa na kazi nyingine, na jioni alikwenda uwanjani.

Mimi nilifika mwishoni mwa miaka ya sitini kusomea uuguzi. Tulikutana hospitalini. Yeye kaletwa kushonwa juu ya jicho, bado kavaa jezi, mimi mwanafunzi nimeshika bakuli. Akanitazama kwa jicho lile moja lililobaki wazi, akaniuliza kama nimetoka mbali. Nikamwambia, "Mbali ambako viatu vyako hivyo havifiki." Akacheka mpaka daktari akamkaripia kwa kuharibu mshono.

Mdomo huo ndio alioupenda. Mwenyewe alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu, ameacha shule mapema, na Kiingereza chake kilikuwa ndiyo, hapana na asante. Mimi nilisomeshwa na masista, Kiingereza changu kimenyooka kama rula. Basi kila karatasi ya Kiingereza nilimsomea mimi, na kila mgeni nilimsemea mimi. Na nilisikia raha, jamani, nisiongeze uongo juu ya uongo. Huko madukani kila muuzaji ananisahihisha Kiswidi changu, halafu nyumbani kuna mwanamume mzima, mabega kama mlango, anasubiri nifungue mdomo ndipo ajue watu wamesema nini. Kichwa kilivimba.

Ilipoingia miaka ya sabini, timu za Marekani zikaanza kutuma watu Sweden kutafuta wachezaji wa kulipwa. Majira ya baridi ya mwaka mmoja alikuja mmoja wao, akamtazama mume wangu mechi tatu, kisha akatualika chakula cha mchana Jumamosi, kwenye hoteli karibu na stesheni kuu. Mume wangu alivaa suti ya harusi. Viatu alivipiga kiwi mara mbili. Tulipanda treni kutoka Hässelby, tulikokuwa tukiishi, na njia nzima hakusema neno mpaka tulipokaribia kushuka. Akaniuliza, "Utamwambia kwamba naweza kucheza kushoto na kulia?" Nikamjibu kwamba nitamwambia.

Yule bwana alikuwa mtu mzima, mpole, suti ya kahawia, kadaftari kadogo mbele yake. Akaeleza taratibu ili nimwelewe. Wanamtaka kwenye timu ya kwanza, si ya akiba. Mkataba wa miaka miwili kuanzia vuli. Nyumba wanatoa wao. Wamesikia mimi nasoma uuguzi, watanisaidia nipate shule ya kumalizia. Akafunga daftari, akasema hajaona beki mwenye utulivu kama ule kwa muda mrefu, halafu akanyamaza ili nitafsiri.

Mume wangu alikuwa ameinama kidogo kuelekea kwangu, mikono chini ya meza.

Nimejitetea kwa mengi tangu siku ile. Nimejiambia niliogopa Marekani, mwanamke mweusi na mume mzungu, miaka ile, kwa habari tulizokuwa tukizisikia. Kweli niliogopa. Nimejiambia nilibakiwa na miezi minane tu nimalize masomo, na kwamba wodini walikuwa wameanza kunikabidhi ufunguo wa kabati la dawa, na kwamba kila Jumamosi nilikuwa na wenzangu wa Kenya na wa nyumbani kule kitongoji cha Fittja, tukipika pilau na kutaniana mpaka mbavu zinauma. Yote hayo ni kweli. Lakini pale mezani sikuyawaza. Niliwaza neno moja tu: tena? Nianze tena kuwa mjinga, tena kuuliza njia, tena kuchekwa? Nilijipenda kuliko nilivyompenda yeye, basi.

Nikamgeukia, nikamwambia kwa Kiswidi, "Anasema wewe ni mzuri. Wanaweza kukujaribu kwenye timu ya akiba. Hawaahidi kitu. Wasipokutaka, utarudi kwa nauli yako."

Nikaona mabega yale yanashuka.

"Timu ya akiba?" akauliza.

"Ndivyo anavyosema."

Akafikiri. "Hakusema kitu kingine? Amesema muda mrefu."

"Wamarekani wana maneno mengi," nikamwambia. Angalia ufedhuli huo.

Akasema basi, kama ni hivyo tutabaki, mwambie asante. Nikamgeukia yule bwana na Kiingereza changu cha masista. Nikamwambia mume wangu anashukuru sana, lakini baba yake ni mgonjwa, mgonjwa kweli kweli, na yeye ndiye mtoto pekee, hawezi kumwacha. Sijui uongo ule ulitoka wapi. Ulitoka umeiva, na machozi kidogo juu yake. Yule bwana akainuka, akaushika mkono wa mume wangu kwa mikono yake yote miwili, akautikisa kwa huzuni.

"Mbona amesikitika hivi?" mume wangu akaniuliza tulipotoka nje.

"Anaona haya kwa kukupa kidogo," nikasema.

Na kushoto na kulia? Sikumwambia.

Pasaka tulikwenda kwa huyo mgonjwa wangu, kaskazini. Baba mkwe alikuwa nje anapasua kuni, kifua wazi kwenye theluji, mzima kama ng'ombe wa maksai. Alituona, akatupa shoka, akanikumbatia. Siku ile alinikaangia samaki kwa mkono wake, akanichagulia mnofu mzuri, akawa ananihimiza nile, eti nimekonda kwa kusoma. Nilikuwa nimemlaza kitandani mzee wa watu, nimembakizia pumzi mbili, na yeye ananitolea miba. Mume wangu alikuwa upande wa pili wa meza, anakula kimya kama kawaida yake.

Vuli ilipofika, Wamarekani walimchukua beki mwenzake, yule aliyekuwa akicheza naye ubavu kwa ubavu. Mume wangu ndiye aliyembebea masanduku mpaka uwanja wa ndege. Aliporudi alisema tu kwamba masanduku yalikuwa mazito.

Nilimaliza masomo. Siku ya mtihani wa mwisho alinisubiri mlangoni na maua, kayashika kama anashika kuku. Nikaona haya kuyapokea, na nikayapokea. Nikapata kazi ya kudumu, kofia na sare. Yeye alicheza. Goti la kulia likapasuliwa, likapasuliwa tena. Msimu wa tatu baada ya ile hoteli alikuwa anakaa benchi. Wa nne wakamwambia asante. Akaenda timu ndogo ya kitongojini, uwanja hauna paa, theluji inaanguka wakiwa wanacheza, watazamaji unaweza kuwaalika wote chai sebuleni kwako na viti vikabaki. Mimi nilikuwa mmoja wao, na chupa yangu ya kahawa. Nilimwona akizidiwa na vijana ambao zamani wangempisha njia. Kila alipoanguka, moyo wangu ulisema, huyo ni wewe umemwangusha.

Si kwamba sikujaribu kusema. Nilijaribu jikoni, nilijaribu garini, nilijaribu siku nikimfunga bandeji. Nilikuwa nafungua mdomo, inatoka habari ya viazi. Mimi! Mtu ambaye kule Fittja walikuwa wakiniambia nipunguze maneno ili na wengine wapate zamu.

Kisha yule beki mwenzake akarudi kwa mapumziko ya kiangazi. Alikuwa amenunua nyumba kitongoji cha Tumba, ana mke, ana gari pana kama chumba, akatualika chakula cha mchana bustanini. Tulikuwa wanne tu mezani. Alishafurahi, amekunywa bia zake mbili, akaanza kusimulia habari za kule. Mara akamnyooshea mume wangu uma.

"Unajua ulikuwa wewe?" akasema. "Walikutaka wewe, timu ya kwanza, miaka miwili. Mimi nilikuwa wa pili kwenye daftari. Yule mzee kaniambia mwenyewe. Eti hukuweza kuja, baba yako yuko mahututi! Baba yako nimemwona mwaka juzi anateleza thelujini kwa ski!"

Nilitazama sahani. Nilijua anayefuata kutazamwa ni mimi, maana wote mezani walijua nani alikuwa akimsemea Kiingereza.

Mume wangu akaweka kisu chini. Akasema, "Niliogopa. Niliogopa kwenda, nikaona aibu kusema. Nikamwambia mke wangu atafute kisingizio chochote."

Wakaangua kicheko. Beki asiyeogopa kisahani cha usoni, aogope kupanda ndege! Wakamtania hivyo mchana kutwa, na yeye akacheka pamoja nao, na yale mapengo yake. Kwetu tunaita kumsitiri mtu. Nimelijua neno hilo tangu utotoni, na sikuwahi kudhani nitasitiriwa na mtu niliyemwibia.

Tulirudi kwa treni, tukabadilisha pale stesheni kuu, tukapanda ya Hässelby. Behewa lilikuwa karibu tupu, jua bado liko juu. Nilimwacha akae kwanza, ameunyoosha mguu mbovu. Nikamuuliza, "Umejua tangu lini?"

"Ilikuja barua klabuni, wiki mbili baada ya siku ile," akasema. "Katibu alinisomea. Walinipa pole ya baba. Walisema nafasi yangu wataniwekea mpaka mwisho wa mwezi wa nne."

"Mpaka mwezi wa nne! Na kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Vituo viwili vikapita. Nililia bila sauti, watu wawili wa mbele wasigeuke. Nikamuuliza lile nililoliogopa kuliko yote. "Ningekuambia kweli, tungekwenda?"

Akanigeukia.

"Hapana," akasema. "Ungesema hutaki, tungebaki. Ningemkatalia." Akasugua goti. "Lakini ningekuwa nimekataa mimi."