Feni Niliyoifunga kwa Mpira wa Bodaboda

Jamani, nalisema hili mwenyewe kwa sababu nimechoka kusikia wengine wakilisimulia vibaya, maana mpaka leo nikipita sokoni Kilosa kuna watu wananiinulia mkono kama wameshika kitu, halafu wanacheka, nami najua wanacheka nini.

Nina stationari Mikumi, kando ya barabara kuu, natoa kopi na kuhariri video za harusi. Mwalimu Damari, aliyenifundisha kusoma darasa la kwanza, alikuwa anastaafu, na kamati ya sherehe ikaniomba nilete kompyuta na projekta ukumbini Kilosa ili mwanawe Elia, aliye ng'ambo mwaka wa tisa sasa, aongee na mama yake kwenye skrini kubwa. Skrini kubwa haikuwa mbwembwe. Macho ya Mwalimu yameingia ukungu, kwenye simu anaona kivuli tu cha mtoto wake.

Kompyuta nilikuwa naiunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande, imebaki feni ya kupoza prosesa, ile chipu inayofanya kazi zote na kupata moto. Nikampigia muuza vifaa wa Morogoro, akaniuliza, "Dada, bodi yako ni ya soketi gani? Maana hizi feni zina miguu tofauti, isipolingana haikai." Sasa dukani palikuwa na wateja (mmoja wao fundi simu wa jirani, anayeamini wanawake hatujui vyuma), nikaona nikisema ngoja nikaangalie nitaaibika.

"Kaka, mimi si wa leo," nikajibu kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "We nipakie ile kubwa yenye taa."

Ikaja na basi jioni, siku moja kabla ya sherehe. Kubwa, nzuri, na miguu yake haikukaribia hata matundu ya bodi. Badala ya kumpigia mwenyekiti wa kamati, Mzee Yohana, na kumwambia ukweli, nikachukua mpira wa tyubu, ule wa bodaboda wa kufungia mizigo, nikaikaza feni juu ya prosesa, nikawasha, ikapoza vizuri, nikajipongeza kabisa (mjinga hajijui).

Barabara ya Kilosa ilitutikisa. Ukumbini nilipowasha, pembeni mwa kioo changu kidogo cha kompyuta kuna namba ya joto la prosesa ambayo naiona mimi peke yangu, na wakati wa sala ilisoma sitini na mbili. Kwaya ilipoimba ikafika sabini na nne. Mgeni rasmi akashika kipaza sauti, akashukuru kila mtu na mke wake, na namba inapanda, themanini, themanini na nane, mimi jasho linanitiririka mgongoni kama ninayechemka ni mimi. Mzee Yohana akaniinamia.

"Zubeda, tuko sawa?"

"Tuko sawa, Mzee."

Elia akatokea skrini nzima, na ovaroli yake ya kiwandani, akasema ana dakika ishirini za mapumziko. "Shikamoo, mama."

Mwalimu akainuka, akaisogelea skrini mpaka mwanga ukamwangukia usoni. "Marahaba, baba. Umekonda."

Hapo ndipo kompyuta ilipolia *tatatata*, kama mashine ya kukoboa iliyokula jiwe, na skrini ikawa nyeusi. Mwalimu akanyoosha mkono, akapapasa ukuta. "Elia? Amekata?"

Nikafungua kasha. Mpira ulikuwa umelegea, ncha yake imejisokota kwenye feni, feni imesimama. Mzee Yohana akainama pembeni yangu, na kipaza sauti mkononi, amesahau kukizima.

"Huu si mpira wa pikipiki?"

Ukumbi mzima ukasikia. Kicheko kilichoanguliwa pale, sijaona kifani chake.

Lakini dakika za Elia zilikuwa zinakwisha. Nikauchomoa mpira, nikapiga magoti mbele ya watu wote na gauni langu la sherehe, nikaikandamiza feni kwa kiganja, nikawasha kwa mkono mwingine. Ikawaka. Elia akarudi.

"Mama, nani huyo nyuma yako amepiga magoti?"

"Zubeda, mwanafunzi wangu. Ameishikilia kompyuta."

"Anaishikilia kwa nini?"

"Hata mimi sijui, baba. Tuendelee."

Wakaendelea. Mabati ya feni yananichoma vidole, magoti yanauma, nikihamisha mkono kidogo namba inaruka, kwa hiyo sikuhama. Nikamsikia akimwambia mama yake kwamba ameshakata tiketi, Disemba anarudi nyumbani. Ukumbi ukalipuka vigelegele. Mimi sikuweza hata kupiga makofi.

Alipoaga, Mwalimu akaja kunishika mkono, akausogeza karibu kabisa na macho yake, akaitazama mistari myekundu.

"Ulijua tangu asubuhi?"

"Tangu jana, Mwalimu."

"Na Yohana alipokuuliza?"

"Nikamwambia tuko sawa."

Akauachia mkono wangu taratibu. "Kompyuta kuzimika ni jambo la kawaida, mwanangu. Hilo la pili ndilo ambalo sikukufundisha."

Akaenda kukata keki. Nikakunja nyaya zangu nikiwa nimeinamisha kichwa, na palepale nikaapa: neno "sijui" sitalimeza tena, mbele ya yeyote, hata kama wanasubiri kunicheka.